Sakafu kwanza, maji baadaye: shajara ya mchoro wa Jambiani

Januari, bamvua ya mwezi mwandamo

Kazi ni mchoro mmoja, sentimita 120 kwa 80, rangi za akriliki juu ya kitambaa: bahari ya Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, saa kumi alasiri, maji yamejaa. Mandhari hiyo imeshachorwa na kila mtu. Ninachotaka kujaribu ni mpangilio wa kazi.

Mafunzo mengi ya kuchora bahari hatua kwa hatua huanzia juu kushuka chini: anga, kisha maji, kisha mchanga, mwisho povu. Maji hupakwa buluu iliyochanganywa na nyeupe mpaka kitambaa kifunikwe chote. Kwa bahari ya kina kirefu, au ile ya kijivu ya nchi za baridi, njia hiyo inafaa. Huku, kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi, maji ni maangavu, na sehemu kubwa ya rangi unayoiona inatoka chini: mchanga, majani, mawe, mwani. Kwa hiyo nitaichora sakafu ya bahari yote kwanza, kana kwamba maji yametoka, halafu niyajaze maji juu yake tabaka moja moja.

Pwani hii ndiyo inayoruhusu kazi ya namna hiyo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo maji hujaa na kutoka kupita kawaida: hutoka zaidi ya kilomita moja, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Saa zake nazo zina utaratibu. Bamvua, maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, maji yanapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka, yakajaa karibu saa nne. Katikati ya hapo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maana yake, siku moja ya bamvua inanionyesha sakafu tupu asubuhi, na jioni inanionyesha sakafu ile ile chini ya maji, jua likiwa mgongoni kwangu na rangi imekolea. Mchoraji atake nini tena?

Machweo hayatakuwamo. Jua la Jambiani huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi. Zile picha za jahazi jeusi mbele ya jua jekundu, zinazoning'inia kwenye kila duka la Mji Mkongwe, ni za upande wa pili wa kisiwa, nazo zinatosha.

Muda wangu unaishia kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapoishia. Masika ikifika, na kusi ikishika, maji ya upande huu huchafuka, mchanga unapanda, na sakafu haionekani tena kwa namna ninayoitaka.

Bamvua hiyo hiyo, maji makavu

Nimeshuka na daftari, penseli na rangi za maji, viatu vya plastiki miguuni kwa ajili ya mawe. Kazi ya asubuhi ni kuchukua rangi tu, bila kuchora picha.

Mchanga wa huku ni chokaa, matumbawe na magamba yaliyosagwa na bahari, na kila mtu huuita mweupe. Ukiweka karatasi nyeupe juu yake utaona vingine. Mchanga mkavu una rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Mchanga mbichi ni kijivu chenye joto, na mahali maji yaliposimama juu yake kwa unene wa kucha umeshaanza kuvuta kijani. Nimeziandika zote tatu na mchanganyiko wake pembeni: nyeupe ya titani na chembe ya oka ya njano, rangi ya udongo, kwa mchanga mkavu; ongeza amba mbichi, kahawia ya udongo, kwa mchanga mbichi; kile cha kijani nimekiacha, hicho ni kazi ya maji.

Kutoka ufukweni kwenda mwambani sakafu ina mistari yake. Kwanza mchanga mtupu wenye matuta madogo madogo. Kisha viraka vya majani ya bahari, kijani kilichoungana na kahawia. Kisha mashamba ya mwani, vijiti na kamba, safu kwa safu. Kisha mawe, na huko ndiko wanakokwenda wavuvi wa pweza na fimbo zao. Mwisho mwamba wenyewe, mahali mawimbi yanapovunjika, unaoonekana kutoka ufukweni kama uzi mweupe.

Kilimo cha mwani kilianza huku kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mmoja wao, mtu mzima, alisimama kuangalia daftari.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo mwani wangu huo?"

"Ndiyo. Nataka kuuchora maji yakiwa yamejaa."

Akaangalia tena. "Sasa mbona umeulaza? Maji yakija huo unasimama."

Maneno hayo yamebadilisha mpango mzima. Maji yakitoka, mwani unaning'inia kwenye kamba na kugusa mchanga, na majani ya bahari yanalala chapa chini, yanafunika eneo kubwa kuliko lake. Maji yakirudi vyote viwili vinanyanyuka na kuyumba. Kwa hiyo sakafu ya saa nne haiwezi kunakiliwa hivi hivi. Mahali pa viraka nitapata asubuhi; umbo la majani lazima nirudi jioni na miwani ya kuzamia, nilitazame nikiwa ndani ya maji.

Jioni, maji yamejaa

Nimeingia na miwani. Majani ya bahari yaliyosimama ni meusi zaidi chini na yana ncha za njano juu, na kati ya kichaka na kichaka mchanga unaonekana, kitu ambacho asubuhi hakikuwapo. Kwenye mchanga mtupu kuna wavu wa mwanga unaotembea, ule unaofanywa na mawimbi madogo yanapokusanya jua na kulitupa chini. Wavu huo una macho makubwa karibu na ufukwe. Kwa mbali hauonekani kabisa, na mchoraji anayeuchora hadi kwenye upeo anachora bwawa la hoteli.

Nimepima kivuli cha ngalawa pia. Saa kumi jua limeinama upande wa magharibi, kwa hiyo kivuli kinakwenda mbele, kuelekea baharini, kikipinda kidogo kushoto. Kinaanguka juu ya mchanga wa chini, si juu ya maji. Ukikitazama kutoka ufukweni kimeachana na chombo, na ndicho kinachoifanya ngalawa ionekane imeelea hewani. Katika njia ya kawaida kivuli hicho hupakwa mwishoni, juu ya maji, na kinatoka kizito kama tope. Kwangu kitapakwa sasa hivi, pamoja na sakafu, na maji yatakuja juu yake.

Maji mafu, nyumbani

Kitambaa ni marekani ya dukani, ile nzito, iliyovutwa kwenye fremu ya paini na kupakwa jeso, rangi ya msingi. Kila koti la jeso likikauka nimelisugua kwa msasa laini. Mtu aliyezoea kitambaa chenye nyuzi za kushika rangi atashangaa, lakini tabaka jembamba la rangi likipita juu ya nyuzi hujikusanya kwenye mashimo na kufanya vidoadoa. Nataka uso ulio laini karibu na ubao.

Kuna waliofikiria ubao tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na rangi za mafuta za kawaida za dukani, na mng'aro wa picha za mtindo wake unatokana na hapo. Kwa ukubwa huu, ubao ungekuwa mzito mno kupandishwa kwenye keria ya gari ya shamba.

Upeo wa bahari nimeuweka sentimita 27 kutoka juu, nimeupima pande zote mbili kwa rula na kubandika tepu. Bahari ikiinama hata milimita tatu, jicho linakataa picha nzima bila mwenyewe kujua kwa nini.

Kisha sakafu. Kinachosumbua hapa ni kubana. Ukisimama mchangani, macho yako yako kama mita moja na nusu juu ya ardhi, na kilomita nzima ya sakafu inajipanga ndani ya kipande kifupi cha kitambaa. Kiraka cha majani kilichonichukua dakika kadhaa kukivuka kwa miguu, kitambaani ni mstari mwembamba kuliko kidole. Matuta ya mchanga yaliyo karibu yana upana, nafasi na kivuli. Ya mbali ni mikwaruzo ya brashi kavu, na baada ya hapo hayapo.

Rangi za sakafu nimezifanya zenye joto kuliko zilivyo: oka zaidi, siena ya kuchomwa, yaani kahawia nyekundu, kidogo kwenye majani, mchanga karibu na rangi ya ngozi ya muwa. Maji yatakayokuja juu yatapooza kila kitu. Mtu aliyepita akatazama aliuliza kwa nini nachora jangwa.

Bamvua ya mwezi mpevu

Sakafu imekauka. Nimeichukua hadi ufukweni kulinganisha, na upepo wa kaskazi ukailetea mchanga wa kweli. Chembe nyingine zimenasa pembeni na nimeziacha. Mchoro wa Claude Monet wa ufukwe wa Trouville, Ufaransa, wa mwaka 1870, ulioko National Gallery ya London, una chembe za mchanga ndani ya rangi mpaka leo, na hakuna aliyeurudisha.

Siku za maji: tabaka la kwanza hadi la mwisho

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze mradi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Mwanga ukishuka hadi mchanga mweupe na kurudi, umeshapoteza wekundu wake, na kinachobaki ni kijani na buluu. Kina kikiongezeka kijani nacho hupungua, inabaki buluu. Sasa tazama tabaka jembamba la rangi angavu juu ya msingi mweupe: mwanga unapita ndani yake, unagonga nyeupe ya chini, unarudi kupitia rangi ile ile mara ya pili. Ni kazi moja na ya bahari. Buluu iliyochanganywa na nyeupe haifanyi hivyo. Nyeupe ya titani ni nzito, inaurudisha mwanga kutoka juu juu, na maji yanakuwa ukuta.

Sheria yangu basi: hakuna nyeupe ndani ya maji. Nyeupe yote imeshawekwa chini, na nyingine itakuja na povu.

Rangi ya maji ya karibu ni thalo ya kijani na thalo ya buluu, kijani ikizidi, ndani ya mediamu ya akriliki ya kung'aa, yaani akriliki tupu isiyotiwa rangi. Thalo ni kali. Tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha kijiko kizima cha mediamu, na hata hapo nimejaribu kwanza kwenye vipande vya kitambaa kilichopakwa jeso, kwa sababu mediamu ikiwa mbichi huwa na ukungu mweupe na hukauka ikiwa angavu. Unachokiona kwenye brashi sicho utakachokipata. Subiri ikauke ndipo uhukumu.

Kitambaa kimelazwa mezani, brashi ni pana, ya inchi tatu, laini. Nyumba imefungwa madirisha upande wa upepo, maana kwa joto la Februari tabaka hukauka kabla hujafika ncha ya pili, na ukirudi nyuma kuparekebisha unaacha kovu la brashi. Nimepulizia maji kidogo hewani juu ya meza, si juu ya mchoro. Mkono unapita mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, sambamba na upeo.

Tabaka la kwanza limeanzia pale maji yanapogusa mchanga na kwenda hadi mwambani. Likikauka, la pili limeanzia mbali kidogo na ufukwe. La tatu mbali zaidi. Kila tabaka linaanza mbele ya mwenzake, kwa hiyo kina kinajijenga chenyewe: karibu na ufukwe tabaka moja, kwenye mashamba ya mwani kadhaa, na kadri ninavyokwenda mbali naongeza thalo ya buluu na kupunguza ya kijani. Mpaka kati ya tabaka na tabaka nimeulainisha kwa brashi yenye mediamu tupu, ila mahali penye kiraka cha majani nimeuficha hapo hapo chini ya ukingo wake.

Baada ya tabaka la kwanza lile jangwa lilikuwa bahari. Oka ilipooza ikawa mchanga wa kweli chini ya maji ya magotini, na kivuli cha ngalawa, nilichokipaka cha kahawia, kikageuka kijani cha chupa bila kuguswa. Majani ya bahari ndiyo yaliyonifurahisha zaidi: ile njano ya kwenye ncha imebaki ikionekana mpaka tabaka la tatu, kisha imezama.

Nje ya mwamba ni habari nyingine. Huko sakafu inaporomoka, hakuna mchanga wa kurudisha mwanga, na maji ni ultramarini, buluu iliyokolea, na thalo ya buluu, mazito, yamewekwa moja kwa moja. Ule mstari wa giza kati ya uzi mweupe wa mwamba na anga ndio unaofanya maji ya ndani yang'ae. Ukiufanya mwepesi, ile zumaridi ya mbele inakufa.

Anga

Haraka. Anga la kaskazi la alasiri, jepesi na la vuguvugu karibu na upeo, buluu iliyokolea juu, mawingu madogo yenye matumbo bapa yanayopungua ukubwa yakielekea mbali. Tepu imetolewa, na ukingo wa bahari nimeugusa kwa brashi yenye unyevu ili usikate kama wembe.

Machi, ukingo wa maji

Maji ya ndani ya mwamba hayana mawimbi makubwa. Kuna wimbi dogo moja linalojikunja karibu na ufukwe, na povu linaloachwa mchangani. Wimbi halisubiri. Ivan Aivazovsky, mchoraji wa bahari wa Feodosia aliyeishi 1817 hadi 1900, alichora mawimbi yake chumbani, kwa kumbukumbu, na ukikaa na penseli mbele ya maji kwa nusu saa utamwelewa. Mimi nimekaa nikitazama ukingo mmoja tu, kipande cha mita moja, mpaka nikajua mpangilio wake. Kutoka kwenye maji kuja kwangu uko hivi: mgongo wa wimbi, ambao karibu na kilele ni mwembamba na unapitisha mwanga, kijani chepesi, povu lililovunjika, utando wa maji wenye mashimo ya povu, ukingo wa povu wenyewe, kivuli chembamba chini ya ukingo huo, mchanga mbichi unaoakisi anga, mchanga uliolowa na kuacha kuakisi, mchanga mkavu.

Kivuli kile chini ya ukingo wa povu ndicho kinachotenganisha maji na chokaa iliyomwagika. Upana wake kwenye mchoro huu ni milimita mbili, pengine kimekatika kabisa. Nimekipaka kwa amba na ultramarini iliyozimuliwa, kwa brashi ya ncha, kisha nyeupe nene juu yake kwa kisu cha rangi, ikiacha milimita hizo tu. Povu si jeupe lote. Upande uliogeukia mbali na jua ni kijivu cha samawati, na nyeupe tupu ya titani imewekwa mahali pachache, palipoinuka.

Ngalawa na watu

Saa kumi ya bamvua wakulima wa mwani wameshatoka majini, kwa hiyo sikuwachora, ingawa kanga zilizolowa mpaka magotini zilikuwa zinanitamanisha. Wapo watoto wa karibu na ufukwe na mvuvi anayesukuma ngalawa.

Kwa watu wa ufukweni kuna kanuni inayookoa muda: ukichora umesimama, kichwa cha kila mtu mzima aliyesimama usawa mmoja na wewe kinagusa upeo, awe hatua kumi au mia kutoka ulipo. Miguu ndiyo inayopanda kadri anavyokuwa mbali. Aliye ndani ya maji yuko chini yako, kichwa kinashuka chini ya upeo, na watoto zaidi. Nimepima vichwa vyote kwa mstari huo kabla ya kupaka hata nukta.

Ngalawa ina mirengu yake miwili, yale magogo ya pembeni ya kuizuia isipinduke, mlingoti, foromali inayobeba tanga, na tanga lililokunjwa. Wachoraji wa picha za watalii huwa wanasahau mrengu wa upande wa pili, kwa kuwa umefichwa nusu na chombo. Bila huo ni mtumbwi. Nimeuweka, ncha tu inayojitokeza nyuma ya tezi, na kivuli chake kiko tayari kule chini, kimesubiri tangu Januari.

Mwisho wa kaskazi

Picha imepata koti la mediamu tupu kuziba tabaka zote, na baada ya kukauka vizuri itapata vanishi inayoweza kuondolewa, kwa sababu hewa ya chumvi na vumbi vitahitaji kusafishwa siku moja. Vanishi ya kung'aa, maana ile isiyong'aa ina unga unaotia ukungu juu ya tabaka angavu, na kazi yote ya maji itapotea.

Njia hii ina kikomo na nimekiona nilipojaribu kuchora mahali pale pale siku ya maji mafu, saa nne asubuhi, maji yamejaa na jua liko mbele. Sakafu inaonekana hatua chache tu kutoka miguuni. Kutoka hapo kwenda mbele jicho linayatazama maji kwa ubapa, na maji yanarudisha anga na jua, fedha tupu, hadi kwenye mwamba. Kujenga sakafu chini ya uso wa namna hiyo ni kupoteza rangi. Kitambaa cha pili kimeshapakwa jeso ya kijivu badala ya nyeupe, na huko maji yatakuwa mazito, yenye titani ya kutosha, kuanzia anga kushuka chini kama mafunzo yanavyosema.